Samaki wangu klauni wamegoma kuingia kwenye anemoni, mwezi wa nne huu. Nakosea wapi?

#1 Mvuvi wa Sebuleni
Habari wakuu. Nina tangi la lita 200 la maji ya chumvi, lina mwaka na miezi miwili. Ndani kuna klauni wawili, ocellaris wale wa kawaida, wa kuzalishwa kwenye matangi sio wa kuvuliwa baharini, niko nao mwaka wa tatu. Miezi minne iliyopita nikaleta anemoni (kile kiumbe cha baharini chenye minyiri inayochoma, klauni huishi katikati yake), bablitipu ya kijani yenye ncha zilizotuna kama mapovu, nikijua kabisa kazi yangu sasa ni kukaa kwenye kochi naangalia samaki wanajigaragaza mule ndani. Wapi! Anemoni imekaa zake juu ya jiwe, imenona, inakula vizuri, na wale mabwana wawili wanalala nyuma ya hita kama wapangaji waliotolewa vyombo nje. Wakifika karibu nayo wanaizunguka kwa mbali utadhani inawadai. Nimejaribu kuwaswaga kwa kijiwavu, wakajificha siku mbili hawali. Kuna mtu amewahi kuwafanya wahosti, yani wahamie ndani ya anemoni? Mlitumia mbinu gani?

#2 Kijino
Pole mkuu. Mimi wangu waliingia dakika kumi tu baada ya anemoni kushika jiwe, sikufanya kitu chochote.

#3 Mvuvi wa Sebuleni
Asante kwa kunipa moyo hahaha

#4 Mzee Ulenda
Tuanze na jambo ambalo wengi mnaliruka. Anemoni za baharini ziko aina zaidi ya elfu moja, zinazopokea klauni ni kumi tu. Klauni nao ni aina kama 30, na kila aina ina wenyeji wake. Ocellaris akiwa baharini anakaa kwenye Heteractis magnifica, Stichodactyla gigantea na Stichodactyla mertensii. Hiyo bablitipu yako, Entacmaea quadricolor, haimo. Yani umemletea bwana harusi mchumba wa ukoo ambao kwao hawajawahi kuoa, halafu unashangaa anakaa nyuma ya hita.

#5 Kijino
Mzee shikamoo, ila mimi wangu ni ocellaris na anemoni ni bablitipu hiyo hiyo. Dakika kumi. Ukoo wangu mimi ulikubalije?

#6 Mzee Ulenda
Marahaba. Nimesema baharini. Kwenye tangi hana pa kuchagua na wengi wanaishia kuikubali, ila wengine wanachukua muda mrefu na wengine hawaikubali kabisa. Angekuwa na klauni aina ya clarkii tusingekuwa na uzi huu, yule anaingia kwenye aina zote kumi bila kuuliza. Na yule mwekundu wa damu ya mzee, maroon, kwake ni bablitipu peke yake, nyingine hataki kuisikia.

#7 Pampu Mbovu
Tatizo ni hao wa kuzalishwa. Mayai yao yametagwa kwenye kigae au chungu, hakuna anemoni hata ya dawa, wakaanguliwa, wakakua kwenye ndoo tupu za kioo. Hawajui hicho kitu ni nini. Ukitaka wanaohosti tafuta wa baharini.

#8 Binti Matumbawe
#7 hapana jamani tusishauri watu kununua wa kuvuliwa kwa sababu hiyo tu, wanakuja wamechoka, na vimelea, nusu yake unawazika. Na hiyo hoja yenyewe ina tundu. Klauni wangu walizaliwa kwenye tangi na wazazi wao nao walizaliwa kwenye tangi, hakuna aliyewahi kuona anemoni katika ukoo mzima, na wiki ya pili walikuwa ndani. Hawakufundishwa na mtu. Kwa hiyo kitu kimo kwenye damu.

#9 Mzee Ulenda
Wote mna kipande cha ukweli. Baharini jike na dume wanataga pembeni kabisa ya mguu wa anemoni, mayai yanakaa kama wiki moja yakipigwa na maji yenye harufu yake. Vifaranga vikitoka vinachukuliwa na mkondo, vinakaa huko juu siku kumi na kitu, halafu vinashuka kutafuta nyumba. Na vinatafuta kwa harufu zaidi kuliko macho. Kuna majaribio ya miaka ya 90 kwa ocellaris hawa hawa yaliyoonyesha kwamba waliokaa na harufu ya anemoni tangu kwenye yai wanaifuata kwa nguvu kuliko waliokosa. Kwa hiyo wako Mvuvi wana hamu ya kuzaliwa nayo, ila ramani hawana.

#10 Kijino
Wangu walikuwa na GPS basi

#11 Chumvi Kiasi
Mi nlikaa mwaka na nusu nikisubiri, mwaka na nusu jamani, nikajaribu kila kitu kilichoandikwa na binadamu, nikaweka picha, nikazima taa, nikahamisha mawe, nikawalisha juu ya anemoni kila siku kamba waliokatwakatwa kwa koleo refu mpaka mkono ukazoea chumvi, na wao wakaamua nyumba yao ni ile sumaku ya kusugulia kioo, wakawa wanailinda ile sumaku hadi wananing'ata nikitaka kusafisha, halafu siku moja nikahamisha pampu kwa sababu zangu kabisa zisizohusiana na wao, asubuhi yake nikakuta jike kaingia kwenye anemoni. Mpaka leo sijui ilikuwa pampu au alichoka tu kuishi na sumaku

#12 Fundi Mkondo
#11 ilikuwa pampu, sina shaka. Watu wanafikiria harufu na ukoo, hawafikirii mkondo. Klauni sio muogeleaji, anatafuta mahali ambapo maji hayamchoshi. Mvuvi umewapa nyumba nyuma ya hita, hapana mkondo, giza kidogo, joto. Wana sababu gani ya kuhama? Elekeza pampu ipige ile kona yao na upande wa anemoni pawe patulivu. Nakuhakikishia.

#13 Mvuvi wa Sebuleni
Fundi hiyo hata sikuwahi kuiwaza. Kweli kwenye anemoni mkondo ni mkali kidogo maana niliambiwa inapenda maji yanayotembea.

#14 Bi Naitreti
Kabla ya kuhamisha chochote toa namba zako. Chumvi, joto, naitreti, taa gani.

#15 Mvuvi wa Sebuleni
Chumvi 1.025, joto 26, naitreti kama 10, taa za LED saa 9 kwa siku.

#16 Bi Naitreti
Namba hazina shida. Anemoni ikiwa mgonjwa, imepauka nyeupe au mdomo umeachama, samaki hawaendi na mimi nisingetaka waende. Samaki wakubwa wakijisugua kwenye anemoni ndogo iliyochoka wanaimaliza. Wako inakula, rangi ipo, imekaa mahali pamoja miezi minne, vizuri.

#17 Pampu Mbovu
Na umefunika pampu? Jina langu hili halikutoka hewani. Yangu ilitembea usiku ikaingia kwenye pampu, asubuhi tangi lilikuwa maziwa. Samaki sita wakaenda. Weka sponji au wavu kwenye kila kinachonyonya maji, na hita nayo iwekee kinga.

#18 Sponji
Nimesikia nikiitwa

#19 Tumbo la Bahari
Wakuu mi niko na swali kama la mvuvi. Klauni wangu hawaendi kwenye anemoni kabisa, mikono mirefu mieupe ncha za zambarau, niliambiwa inaitwa kondi. Nisubiri muda gani?

#20 Mzee Ulenda
Milele. Condylactis anatoka Atlantiki na Karibi, huko hakuna klauni hata mmoja wa asili. Hawajawahi kukutana tangu dunia iumbwe. Usiwalazimishe, sumu yake sio ya kuchezea na ana tabia ya kula wadogo wanaopita.

#21 Tumbo la Bahari
Muuzaji aliniambia klauni wote wanaingia kwenye anemoni zote.

#22 Binti Matumbawe
Muuzaji alikuwa na anemoni ya kuuza, kaka.

#23 Kamusi Hai
Samahani naingilia. Kwanza, anemoni ni mnyama, sio ua wala jiwe. Kwa hiyo ni "yule anemoni amekaa", sio "ile anemoni imekaa". Mzee Ulenda mwenyewe #4 kasema "zinazopokea" halafu #20 kasema "anatoka". Pili, mnasema samaki "wanahosti". Mwenye kuhosti ni mwenyeji, na mwenyeji ni anemoni. Samaki ni mgeni. Mmegeuza nyumba ikawa mgeni.

#24 Chumvi Kiasi
Mnyama hana ubongo, hana macho, hana uti, mi namuita "ile" mpaka atakapolalamika mwenyewe

#25 Kijino
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mvuvi wako mgeni hajafika hata siku ya kwanza, jembe limeota kutu

#26 Mvuvi wa Sebuleni
Hahaha nimekubali. Mgeni amelala stendi.

#27 Mzee Ulenda
Kamusi una haki, nitasema "yule" kuanzia leo, nikikumbuka. Na mgeni huyu analima kweli. Kinyesi na mkojo wake una amonia, ndiyo mbolea ya vile vimwani vinavyoishi ndani ya mwili wa anemoni na kumlisha kwa mwanga wa jua. Usiku anapepea mapezi anamletea hewa. Na anawafukuza samaki wanaotafuna minyiri. Baharini ni biashara ya pande mbili. Kwenye tangi anemoni hamhitaji, wewe ndiye unamlisha na unamwekea pampu.

#28 Fundi Mkondo
Ndiyo maana nasema, kama hakuna adui na hakuna mkondo klauni naye hamhitaji anemoni. Yule ni kimbilio. Tangi lako lina samaki gani wengine mvuvi?

#29 Mvuvi wa Sebuleni
Gobi mmoja mdogo na kamba msafishaji. Basi.

#30 Fundi Mkondo
Umeona. Wanakimbia nini? Kamba?

#31 Nurumaji
Niongeze kesi yangu. Nilichukua boksi la plastiki linaloonyesha ndani, la kulelea vifaranga, lenye matundu, nikalifunika juu ya jiwe lenye anemoni na klauni ndani, jioni taa zikiwa zinazima, nikawaacha usiku mmoja. Asubuhi walikuwa wanaogelea juu ya ncha, wanagusa, wanaruka kama wamegusa waya wa umeme, wanagusa tena. Saa nne nikalitoa boksi. Hawakutoka tena. Sharti ni boksi liwe kubwa kiasi kwamba samaki anaweza kukaa asiguse kama hataki, na maji yapite.

#32 Binti Matumbawe
Hiyo ya kugusa na kuruka ndiyo yenyewe. Samaki anajipaka ule ute kidogo kidogo, mkia kwanza, kisha tumbo, mpaka anemoni anadhani ni sehemu ya mwili wake.

#33 Mzee Ulenda
Hapo pana ugomvi wa miaka mingi dada. Wengine wanasema hivyo hivyo, anaazima ute wa mwenyeji. Wengine wanasema klauni kazaliwa na ute wake mwenyewe ulio tofauti, mnene na wenye asidi ya siali kidogo sana, na hiyo siali ndiyo inayoamsha zile seli za kuchoma. Ikikosekana bunduki hazifyatuki.

#34 Binti Matumbawe
Kama kazaliwa nao mbona anaruka kwa umeme mara ya kwanza?

#35 Mzee Ulenda
Huenda ni vyote viwili, na huenda inategemea aina ya samaki na aina ya anemoni. Clarkii na ocellaris sio lazima watumie ufunguo mmoja.

#36 Kijino
Wangu hawakuruka. Nasema tu.

#37 Chumvi Kiasi
Kijino wewe tumeshakuelewa

#38 Mama Kasa
Mbinu ya picha mbona hamuisemi? Nilichapisha picha ya anemoni yenye klauni ndani, nikaibandika nje ya kioo pale pale karibu na anemoni. Siku tano. Msinicheke.

#39 Pampu Mbovu
Umewaonyesha katalogi hahahaha

#40 Mama Kasa
Cheka lakini wangu wako ndani na wako alikwenda kwenye pampu.

#41 Pampu Mbovu
Duh. Sawa mama, nimenyamaza.

#42 Bi Naitreti
Picha zimewahi kumsaidia zaidi ya mtu mmoja, ila wote walisubiri wiki au miezi kabla ya kubandika. Ukisubiri vya kutosha hata ukiwaimbia wataingia, na utasema ni wimbo.

#43 Mlezi wa Vifaranga
Mbinu nyingine inayosemwa ni kuongeza klauni wa tatu ambaye tayari anahosti, wengine wamuige. MSIFANYE kwa tangi la lita 200. Klauni wanaishi kwa vyeo, mkubwa ni jike, wa pili ni dume, na jike aliyekwisha kukaa miaka mitatu atamuua mgeni. Nimeona kwa macho yangu, mapezi yote yaliliwa kabla sijavuta kiti.

#44 Tumbo la Bahari
Mkubwa si ndiye dume?

#45 Mlezi wa Vifaranga
Hapana, mkubwa jike. Wote wanaanza bila kuwa chochote, wa pili kwa ukubwa anakuwa dume, na jike akifa dume anapanda cheo anageuka jike. Ndiyo maana kwenye ile katuni ya Nemo baba alipofiwa na mkewe, mambo yalitakiwa yaende tofauti kidogo.

#46 Tumbo la Bahari
Umeniharibia utoto wangu

#47 Zulia
Na mtu asije akakimbilia anemoni zulia (hao Stichodactyla wa #4) kwa kuwa ndiye mwenyeji wa asili wa ocellaris. Nilimweka aina ya haddoni, sio hata gigantea, nikasema potelea mbali ni zulia tu. Klauni walimwogopa hivyo hivyo, ila gobi wawili na samaki mmoja wa dhahabu wa baharini walipita juu yake wakaliwa ndani ya mwezi. Anashika kama gundi. Na gigantea ni mgumu kukaa hai, wengi wanakuja wamepasuka mguu.

#48 Binti Matumbawe
Mvuvi pia ujiandae wanaweza kukubali kitu kingine kabisa. Wa rafiki yangu waliamua nyumba ni tumbawe la goniopora. Walimsugua mchana na usiku, akajifunga, hakufunguka tena, akafa. Wengine wanakaa kwenye tumbawe la yufilia na yeye anavumilia. Wengine kwenye mwani tu uliojiotea.

#49 Chumvi Kiasi
Au sumaku

#50 Mama Kasa
Wote mnaharakisha. Anemoni ana miaka. Kule Edinburgh kulikuwa na mmoja akiitwa Granny, alichukuliwa pwani mwaka 1828 na John Dalyell, akafa 1887, akawa amepitia mikono ya watu kadhaa wanaomtunza kwenye bakuli. Huyo hakuwa aina ya kukaa na klauni, lakini fikiria, miaka karibu 60. Wewe miezi minne unalia.

#51 Kamusi Hai
"Alichukuliwa", "akafa", "mmoja". Asante Mama Kasa, umempa heshima yake.

#52 Mvuvi wa Sebuleni
Wakuu shukran sana kwa wote. Nimeamua. Wikiendi hii nageuza pampu kama Fundi alivyosema, sponji nimeshaweka, hita nimeiwekea kinga. Nitaleta mrejesho.

#53 Mvuvi wa Sebuleni
Mrejesho, wiki ya tatu. Niliielekeza pampu kwenye kona yao. Walikasirika, wakahamia kona ya pili. Anemoni naye siku ya nne akaanza kutembea, kumbe hakupenda utulivu niliomwekea. Usiku wa sita alikuwa ameshafika wapi? Nyuma ya hita. Pale pale walipotoka.

#54 Pampu Mbovu
Hahahahaha wamebadilishana vyumba

#55 Bi Naitreti
Kinga ya hita imefunika mpaka chini? Mguu ukishika kioo cha hita unaungua.

#56 Mvuvi wa Sebuleni
Imefunika, nimehakikisha. Basi nikachoka, nikasema nifanye yote. Nikabandika picha ya Mama Kasa, nikapunguza saa za taa, nikawa nawalisha kamba upande ule tu, na juzi jioni nikaweka lile boksi la Nurumaji. Leo asubuhi dume yuko ndani! Mdogo, yule niliyemdharau. Anajigaragaza kama nilivyoota. Jike anamwangalia kwa mbali.

#57 Nurumaji
Boksi.

#58 Mama Kasa
Picha.

#59 Fundi Mkondo
Kama nisingekwambia ugeuze pampu angekuwa bado amelala nyuma ya hita. Mkondo.

#60 Mzee Ulenda
Alikuwa amezoea kulala pale. Anemoni ndiye aliyemfuata kitandani kwake, samaki akarudi kwenye harufu ya kwao. Nyie mnagombania nini?

#61 Bi Naitreti
Mvuvi umefanya mambo matano ndani ya wiki chache, sasa sisi tutajuaje ni lipi?

#62 Kijino
Mimi sikufanya hata moja

#63 Mvuvi wa Sebuleni
Siku nne baadaye. Jike ameingia. Amemfukuza dume, hataki hata aguse ncha. Dume usiku analala kwenye ile kona ya pili, kavu, peke yake. Wakuu, hii inapita au nitafute anemoni wa pili?